Kumpima mwanafunzi mgongo kwa macho: matokeo yanaaminika kiasi gani?

maalim_wete

Asalaam aleikum wajuzi.

Suala langu ni juu ya kupima mgongo wanafunzi wa miaka 10 hadi 16 hapa Pemba. Utaratibu ulivyo: mwanafunzi anasimama, mpimaji anamtazama kwa nyuma, kisha kwa ubavu, na kwenye fomu anatia alama moja kati ya tatu: "mzuri", "wastani", "mbaya". Wapimaji ni wawili, maalim na muuguzi, kila mtu na fomu yake. Fomu zikiwekwa pamoja hazisemi kitu kimoja. Na mpimaji yule yule akiwarudia wanafunzi wale wale baada ya wiki, wapo waliokuwa "mbaya" ambao sasa ni "wastani", na kinyume chake.

Nauliza: kasoro iko kwa wapimaji, tuwafunde zaidi, au njia yenyewe ndiyo haifai? Kuna hesabu ya kujua watu wawili wanakubaliana kiasi gani kweli? Na kwa vitu vinavyopatikana skuli, bila eksirei, kipi kifanywe ili anayestahili kwenda hospitali aende na asiyestahili asisumbuliwe? Nakumbusha tu kwamba kutoka shehia za mbali kwenda kupiga picha ni kutwa nzima ya mzazi, na akiandikiwa Unguja ni boti.

fizio_mkunazini

Waaleikum salaam maalim. Wapimaji wako wasilaumiwe. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti ambao wataalamu 28, wakiwemo madaktari wa mifupa, wa baridi yabisi na mafizio, walioneshwa picha za watu waliosimama wakaambiwa waseme kama mbonyeo wa shingo na wa kiuno ni wa kawaida, umezidi au umepungua. Chaguo tatu tu, kama fomu yako. Kipimo cha makubaliano kinaitwa kapa: 1 maana yake wamekubaliana kote, 0 maana yake wangetupa shilingi juu wangepata sawa na hivyo. Mtu akilinganishwa na majibu yake mwenyewe ya awali, kapa ilikuwa 0.50. Akilinganishwa na mwenzake, 0.16. Na hao ndio kazi yao.

Kwa nini jicho linashindwa? Kwanza, "wastani" haina mpaka. Kila mtu ana picha yake kichwani ya mgongo mzuri, na picha hiyo inahama: ukitazama watoto watano waliojikunja mfululizo, wa sita aliyejikunja kidogo unamwona amenyooka. Pili, unachokiona kwa ubavu ni ngozi na nyama, si pingili. Mwenye makalio makubwa anaonekana kiuno kimebonyea sana hata kama pingili zake hazina lolote. Mwenye mabapa ya mabega yaliyochomoza anaonekana ana kibyongo. Tatu, na hii watu huisahau, kijana hasimami namna moja. Akijua anatazamwa hujikaza. Msichana ambaye kifua kimeanza kukua hujikunja mabega mbele kwa haya. Baada ya dakika mbili kila mmoja anasimama vyengine. Kwa hiyo hata kama jicho lingekuwa kamili, kitu chenyewe kinachopimwa hakitulii.

Kwa hiyo fomu ya "mzuri, wastani, mbaya" iondoe. Haitengenezeki kwa kufunda watu.

Badala yake tenganisha mambo mawili ambayo fomu yako imeyachanganya. Kuna mkao, yaani namna kijana anavyojiweka, na huo hubadilika akiambiwa "nyooka". Na kuna umbo la uti wenyewe, ambalo halibadiliki kwa kuambiwa. Skuli inachotafuta ni la pili, khasa skoliosisi: uti umepinda upande na pingili zimejisokota. Kisheria ya kitabibu inaitwa skoliosisi pale pembe ya Cobb, yaani kipimo cha pinda la uti kwenye eksirei ya kusimama, inapofika nyuzi 10, na kwa vijana walio kwenye umri wa kubalehe inakadiriwa kuwapata 2 hadi 3 kati ya 100. Wengi wao wana pinda ndogo isiyohitaji chochote zaidi ya kuangaliwa tena.

Kule kujisokota ndiko kunakotusaidia. Pingili zikijisokota zinasukuma mbavu za upande mmoja juu, na mtoto akiinama mbavu hizo zinajitokeza kama mgongo wa jahazi lililolala ubavu. William Adams wa London alilieleza jambo hili mwaka 1865 na hadi leo ndicho kipimo cha kwanza. Jicho linaloulizwa "huyu ana mkao mzuri?" linababaika. Jicho linaloulizwa "upande upi uko juu?" linajibu.

Namna ya kukifanya, na mahali kinapoharibika:

Mwanafunzi avue viatu. Nyayo sambamba, zikaribiane, magoti yanyooke kabisa. Goti moja likilegea tu, nyonga inashuka upande huo na utaona nundu ambayo haipo. Viganja vikutanishwe, vidole vielekee chini, mikono ining'inie huru, kidevu kiende kifuani. Viganja vilivyokutana vinamzuia asizungushe mabega. Kisha ainame polepole, sana sana kwa hesabu ya tano, mpaka mgongo uwe kama meza. Wewe kaa kwenye stuli nyuma yake, macho yako yawe usawa mmoja na mgongo wake, si juu. Mpimaji anayesimama wima akatazama chini hataiona nundu ya nyuzi 5, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Anapoanza kuinama tazama sehemu ya juu ya kifua, akiendelea tazama katikati, akifika chini kabisa tazama kiuno. Kila sehemu hujionesha kwa kina chake cha kuinama. Kisha zunguka mbele utazame tena.

Akishindwa kuinama kwa sababu mishipa ya nyuma ya mapaja imekaza, mkalishe kwenye kiti na ainame akiwa amekaa. Kukaa kunafuta pia tatizo la mguu mmoja mfupi. Kama nundu ipo akisimama na inapotea akikaa, mtazame miguu kabla ya mgongo: weka kibao cha nusu sentimita, kisha cha 1, kisha cha 2 chini ya mguu mfupi mpaka nyonga zilingane, urudie.

hesabu_na_afya

Niongeze upande wa hesabu maana maalim ameuliza na watu wengi hutoa asilimia tu wakajidanganya.

Tuchukue mfano wa wanafunzi 60 na jibu moja la ndiyo au hapana. Tuseme wapimaji wote wawili wameandika "ndiyo" kwa wanafunzi 6. Wa kwanza peke yake kaandika "ndiyo" kwa 6 wengine, wa pili peke yake kwa 8 wengine. Waliobaki, 40, wote wawili wamesema "hapana". Waliokubaliana ni 46 kati ya 60, karibu asilimia 77. Inapendeza.

Sasa toa bahati. Wa kwanza anasema "ndiyo" kwa 12 kati ya 60, yaani 0.20. Wa pili kwa 14, yaani 0.233. Wangekuwa wanaandika wamefumba macho, wangekutana kwenye "ndiyo" mara 0.20 × 0.233 = 0.047, na kwenye "hapana" mara 0.80 × 0.767 = 0.613. Jumla 0.66. Maana yake asilimia 66 ya makubaliano yangekuja bure. Kapa ni (0.767 − 0.66) ÷ (1 − 0.66), inatoka 0.31. Asilimia 77 imekuwa 0.31.

Kwa jadweli inayotumiwa sana, ya Landis na Koch ya mwaka 1977, 0.21 hadi 0.40 ni makubaliano hafifu, 0.41 hadi 0.60 ya kati, na 0.61 hadi 0.80 mazuri. Mie binafsi nisingemtuma mzazi apande boti kwa kipimo kilicho chini ya 0.6.

Tahadhari moja: wenye tatizo wakiwa wachache sana, kapa hushuka hata kama wapimaji ni wazuri. Kwa hiyo andika vyote viwili, asilimia na kapa, na ile jadweli ya visanduku vinne yenyewe uiweke, mtu aone.

Na sharti ambalo likivunjwa hesabu yote ni takataka: wapimaji wasionane wala wasisikilizane. Muuguzi akishasema "huyu bega lake limeshuka" kwa sauti, maalim ameshaliona. Wapime vyumba viwili, au mmoja atoke. Wanafunzi waingie kwa mpangilio tofauti kwa kila mpimaji. Wa kurudia wiki ya pili, fomu za wiki ya kwanza zifungiwe.

bi_muuguzi_chake

Suala la mavazi hamjaligusa na ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Mgongo hauonekani juu ya shati la skuli, na kwa mtoto wa kike mwenye shungi hadi kiunoni ndiyo kabisa. Nimeona fomu zenye "mabega sawa" za watoto ambao mabega yao hayakuonekana na mtu. Hiyo si data.

Tunavyofanya: mpimaji wa wasichana ni mwanamke, na ndani ya chumba awepo mwanamke mwengine. Dirisha lifunikwe, si mlango tu. Khanga doti moja, vipande viwili: kimoja ajifunge kiunoni chini ya mfupa wa nyonga, sio juu, maana ikifungwa juu inaficha kiuno chenyewe. Cha pili kiwekwe kifuani, pembe mbili za juu zifungwe nyuma ya shingo, na pembe za chini zipite ubavuni bila kukazwa. Mbele amesitirika kutoka shingoni, mgongo uko wazi. Akiinama khanga inaning'inia mbele, haitoki. Shungi alibakishe kichwani, lizungushwe likunjwe juu, ncha ya chini isivuke shingo. Nywele ndefu zipandishwe. Wavulana wavue shati, lakini nao mmoja mmoja, si mstari mzima kifua wazi huku wengine wanacheka, kwa sababu mtoto anayechekwa anajikunja.

Barua ya mzazi iende wiki kabla, ieleze khanga na ieleze nani atapima. Mzazi asiyetaka, mtoto apimwe mbele ya mama yake au asipimwe.

Na picha za simu HAPANA. Najua kuna wanaoshauri kupiga picha ili zipimwe baadaye. Picha za migongo ya watoto kwenye simu ya mtu ni fitina inayosubiri siku yake.

mzazi_mkoani

Mbona hamsemi kuhusu mikoba? Watoto wanabeba vitabu vyote kutwa, kisha wanakwenda chuo wanakaa chini wameinamia msahafu. Si ndiyo inayowapinda migongo?

fizio_mkunazini

Hapana, ndugu mzazi. Mkoba mzito unaweza kuuma mgongo na mabega, na mtoto aliyebeba mkoba bega moja ataonekana ameinama upande mmoja wakati ameubeba. Haumsababishii skoliosisi. Aina inayowapata vijana wengi chanzo chake hakijulikani moja kwa moja, na urithi una nafasi yake, ndiyo maana fomu iulize kama kuna ndugu mwenye mgongo uliopinda. Kukaa chuoni nako kunachosha, na marufaa ya kuinua msahafu inasaidia shingo, lakini hakusokoti pingili.

Kwa upimaji lakini hoja yako ina kitu ndani yake: usimpime mtoto dakika aliyoshusha mkoba, na usipime mkondo wa asubuhi siku moja na mkondo wa jioni siku nyengine ukasema unalinganisha. Mpe dakika tano bila mzigo, atembee hapo hapo hatua kumi, asimame, atazame mbele, atoe pumzi. Ndipo utazame. Na sema maneno yale yale kwa kila mtoto: "simama kama unavyosimama siku zote". Ukimwambia mmoja "simama vizuri" na mwengine "simama tu", umepima maneno yako.

maalim_wete

Ahsanteni sana. Nimeelewa kwamba jibu liwe upande upi uko juu, si mkao mzuri au mbaya. Lakini "juu kidogo" na "juu sana" si yale yale ya wastani na mbaya? Namba ipatikane vipi?

fizio_mkunazini

Umepiga penyewe. Ndiyo maana kuna skoliomita: kibomba kilichopinda chenye kigololi ndani, kama pima maji ya fundi, na chini yake kina pengo la kupitisha nundu za pingili. Unakilaza juu ya mgongo ulioinama, kigololi kinasimama kwenye nyuzi. Huna, tumia simu yenye programu ya kupima mlalo. Karibu simu zote za sasa zina kihisi hicho.

Kabla ya kuanza, ijaribu simu. Ilaze kwa ubavu wake mrefu juu ya meza, soma. Igeuze nusu mzunguko, kulia kuwe kushoto, mahali pale pale, soma tena. Ikisoma 2 kulia, na baada ya kugeuzwa 2 kushoto kwa upande wa simu, simu ni nzima na meza ndiyo imeinama. Ikisoma 2 kulia mara zote mbili, kosa ni la simu: irekebishe kwenye programu au utoe 2 kila kipimo. Toa na kava, kava la mpira hukaa upande.

Juu ya mgongo usiiegemeze simu kwenye nundu za pingili, itayumba. Ishike kwa mikono miwili, dole gumba moja chini ya kila ncha, magumba yaguse ngozi pande mbili kwa umbali sawa kutoka katikati, pingili zipite katikati bila kuguswa. Usikandamize. Ukikandamiza upande wenye nyama laini umebadilisha jibu. Chora katikati kwa kalamu ya wanja, nukta juu ya kila pingili unayoipapasa, ili magumba yawe na kipimo. Stika hazishiki kwenye jasho la chumba cha skuli, wanja linashika na linatoka kwa mafuta.

Pima sehemu tatu: juu ya kifua, katikati, kiuno. Andika kila moja na upande wake, kwa mfano "katikati, kulia, 6". Mwanafunzi asimame wima kabisa, ainame upya, pima mara ya pili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya nyuzi 2, pima cha tatu na uchukue cha katikati. Usipime mara mbili akiwa ameinama vile vile, hapo unapima mkono wako tu.

Mpaka: Bunnell, Mmarekani aliyekileta kifaa hiki miaka ya 1980, kwanza alipendekeza nyuzi 5, baadaye 7. Kwa wastani 7 za mgongoni zinakwenda na kiasi cha 20 za Cobb, lakini mtawanyiko ni mpana, mtoto mmoja mmoja huwezi kumgeuzia namba. Ushauri wangu kwa Pemba: 7 au zaidi aandikiwe eksirei. 5 na 6 arudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita. Chini ya 5 aachwe. Mtoto mnene nundu yake hufichika, kwake 5 ichukuliwe kwa uzito zaidi.

hesabu_na_afya

Naunga mkono 7, na sababu ni hii. Chukua wanafunzi 200, na tuseme wenye skoliosisi ni 6. Tuseme kipimo kinawanasa 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na kinawaacha salama 90 kati ya kila 100 wasio nalo. Namba hizi mbili ni za mfano, kila timu ina zake. Utawanasa 5 kati ya 6. Na kati ya wazima 194 utawatia shaka 19. Basi watoto 24 wanakwenda hospitali na 19 wanarudi na picha safi. Hicho ni kipimo kizuri! Kikiwa kibaya, kama ile fomu ya mwanzo, wanaokwenda bure ni wengi zaidi na wenye tatizo wanabaki skuli.

Ndiyo maana jambo lenyewe lina mgogoro hata huko nje. Jopo la Marekani linaloshauri huduma za kinga lilipinga upimaji wa vijana wasio na dalili mwaka 2004, kisha mwaka 2018 likasema ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Vyama vya madaktari wa mifupa vya huko huko bado vinashauri wasichana wapimwe mara mbili, wakiwa na miaka 10 na 12, na wavulana mara moja, 13 au 14. Mimi ningefuata umri huo, nisingempima kila mtoto kila mwaka. Darasa zima la vijana wa miaka 16 waliokwisha kurefuka linakula muda na faida yake ndogo.

bi_muuguzi_chake

Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Kilichobadilika ni mwaka 2013, ulipotoka utafiti mkubwa wa koti la kushikilia mgongo: waliolivaa, 72 kati ya 100 hawakufika nyuzi 50 za upasuaji mpaka wakamaliza kukua, na wasiolivaa 48 kati ya 100. Koti linafaa kwa aliye na nyuzi 25 hadi 45 hivi na bado anarefuka. Akiletwa amekwisha kukua, limempita. Kwa hiyo kumkosa msichana wa miaka 11 si jambo dogo, na pinda kubwa huwapata wasichana zaidi ya wavulana kwa mbali. Mpaka wa 7 sawa, ila wale wa 5 na 6 ambao hawajavunja ungo warudiwe miezi mitatu, sio sita. Na jina liandikwe kwenye daftari la mpimaji, si kwenye karatasi ya mzazi peke yake, maana karatasi inapotea.

hesabu_na_afya

Miezi mitatu kwa hao nimekubali.

maalim_wete

Na kwa ubavu je? Wale wenye kibyongo. Au tuache kabisa kuwatazama?

fizio_mkunazini

Usiache, ila nako tafuta namba. Njia nyepesi kuliko zote: visigino na makalio viguse ukuta, atazame mbele, upime kwa rula sentimita kutoka kisogo hadi ukutani. Namba moja, inarudiwa, haina "wastani".

Ukitaka pembe, tafuta rula ya kupinda wanayotumia wachoraji ramani. Kwanza itafute pingili ya saba ya shingo: mtoto ainamishe kichwa, weka vidole kwenye nundu mbili zinazojitokeza, kisha atazame juu polepole. Ile inayokimbia chini ya kidole ni ya sita, inayobaki ni ya saba. Pingili ya mwisho ya kifua: weka mikono juu ya mifupa ya nyonga, magumba yakutane katikati, hapo ni karibu na pingili ya nne ya kiuno, hesabu kupanda nne. Laza rula kati ya nukta hizo, ihamishie kwenye karatasi bila kuikunja, chora. Urefu wa mstari ulionyooka kati ya ncha mbili uite L, kina kirefu zaidi cha mbinuko kiite H. Pembe ni 4 × tan⁻¹(2H ÷ L).

L ikiwa 36 na H ikiwa 3, pembe ni karibu 38. Mpimaji akisoma H kuwa 3.5, pembe inaruka hadi 44. Nusu sentimita imetoa nyuzi 6! Mbinuko wa kawaida wa kifua kwenye eksirei ni takriban 20 hadi 45, kwa hiyo kosa la mkono peke yake linaweza kumtoa mtoto kwenye kawaida. Chora mara tatu, chukua wastani, na usifanye maamuzi kwa tofauti iliyo chini ya nyuzi 6 au 7.

Kisha mlaze kifudifudi, ajinyanyue kifua kwa mikono. Mbinuko wa mkao unanyooka. Usionyooka, na ambao ukitazamwa kwa ubavu akiinama una kilele badala ya duara laini, huo apelekwe. Huenda ni ugonjwa wa Scheuermann, ambao unathibitishwa kwa eksirei pale pingili tatu zinazofuatana, kila moja, zimekatika kama kabari kwa nyuzi 5 au zaidi.

bi_muuguzi_chake

Na kilele kikiwa kikali kabisa, pingili moja au mbili zimechomoza kama kifundo cha kidole, usimsubirishe kwa rula wala simu. Kwetu fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo kwanza. Uliza homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi cha mtu nyumbani. Gonga taratibu juu ya pingili hiyo, ikiuma andika. Mwangalie anavyotembea: miguu ikiwa mizito, inajikwaa, au mkojo umeanza kumtoka, aende siku hiyo hiyo.

Wengine wa kwenda bila kusubiri namba: maumivu yanayomwamsha usiku, pinda inayokua haraka mbele ya macho ya mzazi, mguu mmoja mwembamba kuliko mwengine, madoa mengi ya rangi ya kahawa mwilini, na pinda ya kifua iliyotokeza kushoto. Nyingi hutokeza kulia, ya kushoto inataka kutazamwa mishipa ya fahamu.

maalim_wete

Allah awalipe. Fomu mpya basi iwe na: umri, amevunja ungo au bado, ndugu mwenye tatizo, upande na nyuzi kwa sehemu tatu mara mbili, akikaa kama akisimama kuna nundu, kisogo hadi ukutani, na kisanduku cha "aende leo". Kuna kilichosahaulika?

fizio_mkunazini

Jina la mpimaji na simu ipi iliyotumika kupimia. Siku ukigundua simu moja inasoma nyuzi 2 zaidi, utataka kujua ilipima nani.

hesabu_na_afya

Na kwenye kila wanafunzi 10, mmoja apimwe na wote wawili bila kuonana. Usimchague wewe, chukua kila wa kumi kwenye daftari la mahudhurio.